Dalali anasema nilipe kabla shemeji za mjane hawajafika

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Tabata, Dar es Salaam, nafanya kazi ya stoo kwenye duka la vipuri. Kwa miaka minne nimecheza upatu na wenzangu na kuweka akiba, na mwaka huu nimefikisha milioni 18. Kaka yangu aliyeko Muscat ameahidi kuniongezea milioni 10 nikipata kitu cha maana. Mpango wetu ni kununua nyumba au pagale kwa bei nafuu, kulimalizia, kupangisha au kuuza, kisha kuingia kwenye jingine.

Nimeangalia sana mafunzo ya Wamarekani kwenye simu. Wanasema siri ya kazi hii ni kumpata mwenye nyumba ambaye lazima auze: mwenye deni la benki, waliotalikiana, waliorithi, anayehama. Unachukua orodha za watu hao ofisini, unawaandikia barua, unawapigia simu. Nikajaribu. Nilienda ofisi ya ardhi kuulizia orodha ya wanaodaiwa kodi, mhudumu akaniuliza mimi ni nani na ninaitaka ya nini. Nikabandika vipeperushi 60 kwenye nguzo za umeme: "Nanunua nyumba, hela ipo." Nilipigiwa na madalali 11, na mtu mmoja aliyetaka kuniuzia kiwanja ambacho nilipokwenda kukiona nikakuta kiko ndani ya hifadhi ya barabara. Ni miezi saba sasa natembezwa. Kila safari natoa elfu 10 au 20 ya usumbufu, naonyeshwa nyumba ambazo wenyewe hawana haraka yoyote, na bei imeshawekewa cha juu cha dalali.

Wiki iliyopita dalali mmoja akanipeleka Mbagala. Ni nyumba ya vyumba vinne, bati zima, uzio upande mmoja. Mwenyewe ni mama mjane. Anataka milioni 22, na dalali anasema ya jirani iliuzwa 40. Mtoto wake wa pili amelazwa na hela inatakiwa kabla ya Ijumaa. Karatasi aliyonayo ni ya mauziano ya marehemu mumewe, ya mwaka 2009, ina mhuri wa serikali ya mtaa. Dalali ananihimiza nilipe haraka kwa sababu shemeji za yule mama wanakuja kutoka Lushoto wiki ijayo, "wakifika biashara itaharibika." Tulipokuwa tunaongea yule mama alipigiwa simu na hospitali, nikaona mkono wake unatetemeka hata akashindwa kubonyeza kitufe.

Mama, hii ndiyo nafasi niliyoitafuta miezi saba, lakini usingizi umenipotea. Niilipie? Kama jibu ni hapana, basi hao wanaouza kweli nitawapata wapi? Na je, kununua kwa mtu mwenye shida ni dhambi?

Mdogo wa Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na la Ijumaa kwa kuwa halisubiri. Usilipe. Usitoe hata laki moja ya kuzuia nyumba.

Nyumba aliyoiacha marehemu haigeuki mali ya mjane siku ya mazishi. Inakuwa mirathi, na anayeweza kuuza mali ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Familia inakaa kikao, wanaandika muhtasari na kuusaini, wanachukua cheti cha kifo, wanapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. Tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, msimamizi anapewa barua ya usimamizi, ile watu wanayoiita Fomu Na. 4, na ndani ya miezi minne anatakiwa arudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu zake. Mjane mwenyewe anaweza kuwa ndiye msimamizi, na mara nyingi ndiye anayefaa. Ila leo hana barua hiyo. Ukimpa milioni 22 utakuwa umenunua karatasi ya mwaka 2009 yenye jina la mtu aliyekufa.

Dalali wako, kwa hiyo, hakukudanganya. Shemeji wakifika biashara itaharibika kweli, maana itajulikana kuwa haikuwa biashara. Na hao watoto wa marehemu, akiwemo huyo aliyelazwa, ni warithi hata kama hawajui kusoma. Miaka kumi na mitano ijayo mmoja wao anaweza kusimama mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba akauliza nyumba ya baba iliuzwa na nani.

Sisemi shemeji ni watu wema. Wapo wanaoshuka kwenye basi wakiwa wameshagawana vitanda, na huenda yule mama anaharakisha kwa kuogopa hilo hilo. Basi barua ya mahakama inamlinda yeye kabla haijakulinda wewe. Akiuza kwa siri, atakuwa amewapa sababu ya kumwita mwizi kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe.

Najua uchungu wa jambo hili kwa sababu nililipia ada. Mwaka 2006, nikiwa ndiyo kwanza naanza, nilinunua nyumba Temeke kwa mzee mmoja aliyekuwa anadaiwa na wafanyabiashara wenzake. Bei ilikuwa tamu. Akaniambia mkewe yuko Kigoma anamuuguza mama yake, na kwamba wameshakubaliana. Tulipoikagua nyumba nilipita jikoni, nikaona sufuria zimepangwa kwa ukubwa kwenye kichanja, zimesuguliwa hadi zinang'aa, na kanga mbili zimekunjwa juu ya ndoo ya maji. Sikuuliza kitu. Nikalipa, nikapaka rangi chumba cha mbele. Wiki ya sita mwenye sufuria akarudi. Alisimama mlangoni na begi lake akaniuliza kwa upole kabisa nani amenipa funguo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ikarudi. Hela ilirudi kidogo kidogo kwa miaka, na haikufika hata nusu.

Tangu hapo nikiingia kwenye nyumba inayouzwa naanzia jikoni. Ya nani haya? Yuko wapi? Anajua?

Sasa tuje kwenye kutafuta. Hao Wamarekani unaowaangalia hawakudanganyi, ila wanafanya kazi kwenye nchi yao. Kule deni la kodi ya nyumba, kesi ya benki kuchukua nyumba na faili la mirathi ni kumbukumbu za wazi kwenye ofisi za kaunti, na mtu baki anaweza kuziomba. Kwetu Msajili wa Hati atakufanyia upekuzi wa hati moja uliyomtajia namba. Hatakupa orodha ya watu wenye shida, na ni vyema hivyo. Shida ya mtu hapa inakaa kwa jirani, kwa mjumbe, kwa fundi, kwa muuza genge anayemkopesha unga. Inatunzwa kwa sababu ni aibu, na haitolewi kwa kipeperushi cha kwenye nguzo. Itolewe kwa nani? Kwa mtu anayejulikana.

Kwa hiyo acha kuzunguka jiji zima. Kwa milioni 28 usiende Sinza wala Mikocheni, utavunjika moyo bure. Chukua mitaa miwili mitatu ya pembezoni, tuseme Chanika, Msongola au Kongowe, na uifanye kuwa ya kwako. Uwe pale kila Jumamosi. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, waambie unatafuta nini na una uwezo gani, bila kujikweza. Mtafute mjumbe wa shina. Kula kwa mama lishe yule yule. Miezi miwili ya kwanza utaona kama unapoteza nauli, kisha siku moja utasikia, "Wewe si yule kijana anayetafuta nyumba? Hebu njoo."

Na kwa mtaji wako, mimi ningekuelekeza kwenye mapagale kabla ya nyumba nzima. Pita barabara za ndani utayaona: kuta zimesimama, nyingi zimeishia kwenye lenta, mpapai umeota sebuleni hadi umezaa, tofali za juu zimekuwa nyeusi kwa mvua. Kila pagale la namna hiyo ni hesabu iliyomshinda mtu njiani. Huyu alistaafu, kiinua mgongo kikaishia kwenye kuta. Yule alijenga kwa faida ya duka, duka likafa. Mwingine ni mtumishi aliyehamia Dodoma serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, akaanza ujenzi mpya kule na huku pakabaki hivyo hivyo. Huyu wa mwisho ndiye muuzaji ninayempenda kuliko wote. Hana msiba wala hafukuzwi na mtu. Amechoka tu kusafiri kutoka Dodoma kuja kuangalia tofali zake zinavyoibiwa, na shilingi yake moja ameshaihitaji mahali pengine.

Utampataje? Sikiliza. Mengi ya mapagale haya yana mlinzi anayeishi humo na familia yake, chumba kimoja kimeezekwa bati kuukuu, mlango wa mbao za boksi. Halipi kodi, analinda. Watu wanampita kama hayupo, na yeye ndiye mwenye namba ya simu ya mwenye mali. Anajua mara ya mwisho alikuja lini, alikuja na nani, kama alileta saruji au alikuja kutazama tu na kuondoka ameinamisha kichwa. Msalimie kwa heshima, kaa naye, mweleze shida yako. Jambo moja usisahau: siku pagale likiuzwa, yeye anakosa pa kulala. Mwahidi kuwa ukinunua atakaa mpaka ujenzi uanze, na kwamba utampa nauli na kodi ya miezi michache ya chumba. Kisha timiza. Nyumba yangu ya tatu na ya nne nililetewa na walinzi wawili waliosikia nilivyomtendea mwenzao.

Mafundi nao ni hazina. Fundi mwashi anajua nani amesimamisha kazi na nani anadaiwa ujira. Dereva wa bodaboda anajua nyumba ipi inahamishwa vitu usiku.

Kuna wenye deni la benki. Hawa wana haraka ya kweli, na usingoje mnada. Sheria ya Ardhi inataka mkopaji aliyeshindwa kulipa apewe notisi ya siku 60 kabla mkopeshaji hajaendelea. Kwenye siku hizo 60 mwenye nyumba akimpata mnunuzi anaweza kuuza mwenyewe kwa bei ya heshima, akalipa deni na kubakiwa na kitu. Ukimpata mtu wa hivi, asikuambie nipe hela nikalipe. Mnakwenda benki pamoja, mnapewa salio la deni kwa maandishi, mnasaini makubaliano mkiwa watatu, deni linalipwa moja kwa moja, benki inaondoa rehani na kutoa hati, na kinachobaki anapewa yeye. Wenye mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, ni kundi jingine. Hao wamechukuliwa hadi kadi za benki, wengine wameacha barua ya mauziano kwa mkopeshaji kama dhamana na hawatakuambia. Ukisikia "karatasi ziko kwa rafiki yangu," simama hapo hapo mpaka uzione na ujue huyo rafiki ni nani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika. Kuna muuzaji mwenye shida na kuna muuzaji mwenye siri, na wote wawili wanasema neno moja: haraka. Mwenye shida atakueleza shida yake, na ukimwomba umwone mkewe, ndugu zake na majirani, atakupeleka, hata kama kwa aibu. Mwenye siri atakupa sababu ya kutokumwona mtu. Mke amesafiri. Mwenyekiti hayupo. Majirani wana wivu. Tumalizie hapa hapa.

Siri zenyewe si za familia peke yake. Wapo wanaouza haraka kwa kuwa wameona alama nyekundu ya X, ile ya kubomolewa, inakuja. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na bonde la Msimbazi limebomolewa na kufurika mara kadhaa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Basi ukionyeshwa nyumba nzuri ya bei ya kutupa karibu na mto, njoo uitazame tena masika, siku mvua imenyesha usiku kucha, na uangalie mstari wa tope ukutani umefika wapi. Kwa nyumba za kando ya barabara, uliza ofisi ya barabara na ofisi ya mipango miji kabla hujauliza bei. Wewe mwenyewe umeshakwepa kimoja, kwa hiyo jicho unalo.

Ukikaa na muuzaji, usianze na bei. Muulize, "Ukishauza, utahamia wapi?" Swali hili limeniokoa mara nyingi kuliko wakili. Asiye na jibu hajawa tayari kuuza. Ana dhiki tu, na dhiki ikipungua atajuta, na majuto yake yatakuja kugonga mlango wako. Mwenye jibu atakuambia kila kitu: kiwanja amepata Kibaha, hela inatakiwa mwisho wa mwezi, watoto wanamaliza muhula wa shule Juni. Hapo unajua cha kumsaidia. Labda anahitaji nusu leo na nusu akihama. Labda anahitaji kubaki miezi mitatu bila kodi. Labda hana nguvu ya kufuatilia makaratasi na wewe unaweza kumtafutia wakili na kugharamia. Punguzo la bei linatoka huko. Anakupunguzia kwa sababu umemwondolea mzunguko, na hilo ni jambo la haki kabisa.

Hapo nimefika kwenye swali lako la dhambi. Kununua kwa mtu mwenye shida si dhambi. Mwenye shida anahitaji mnunuzi kuliko mtu yeyote, na wote wakimkimbia kwa kuogopa dhambi atabaki na shida yake. Dhambi iko kwenye bei na kwenye usiri. Nitakupa kipimo ninachotumia. Sheria ya Ardhi, kwenye kifungu cha 133, inamtaka mkopeshaji anayeuza mali ya rehani atafute bei bora inayowezekana, na bei hiyo ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, anahesabiwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Kifungu hicho kinamhusu mkopeshaji, hakinihusu mimi. Lakini nilipokisoma nilijiuliza: kama benki yenye deni lake halali imewekewa mpaka, mimi nisiye na deni kwa mtu nina haki gani ya kuuvuka? Tangu siku hiyo sinunui chini ya robo tatu ya bei ya soko, hata muuzaji akikubali.

Piga hesabu ya Mbagala. Kama kweli ni ya milioni 40, robo tatu yake ni 30, na nyinyi mna 28. Na hiyo 40 umeisikia kwa dalali peke yake. Zungumza na majirani watatu walionunua au kuuza karibuni, na ukiona inakaribia, mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe bei yake.

Madalali usiwafukuze. Wachague wawili wa eneo lako, waambie wazi kuwa asilimia yao utalipa siku ya kusaini, na kwamba lazima uongee na mwenye mali uso kwa uso ili cha juu kisiwepo. Hela ya usumbufu uikate. Dalali anayeishi kwa elfu 20 za safari hana haja ya wewe kununua. Kuhusu ile asilimia 10 ambayo baadhi ya wenyeviti wa mitaa huidai kwenye mauziano, omba uonyeshwe kwa maandishi inatoka wapi na risiti yake ni ipi. Kwa upole, lakini omba.

Makaratasi nayapitia haraka kwa kuwa wakili wako atakueleza vizuri zaidi. Eneo lenye hati, upekuzi kwa Msajili kwanza, na kodi za mauzo ziandikwe kwenye mkataba nani analipa, ikiwemo ile ya ongezeko la mtaji ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Eneo lisilo na hati, majirani wa pande zote za mpaka watembee nawe kwenye mipaka na wasaini kama mashahidi, pamoja na mke au mume wa muuzaji na watoto wakubwa. Hela ipite benki. Na hiyo milioni 10 ya kaka yako, mwandikishane naye kabla haijafika, nyumba itakuwa kwa jina la nani na faida mtagawana vipi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikosana kwa hilo.

Turudi kwa mama wa Mbagala, maana yeye Ijumaa yake haijaondoka kwa sababu mimi na wewe tumejua sheria. Nenda ukamwone kesho, bila dalali. Mwambie ukweli: huwezi kununua mpaka mirathi ifunguliwe, na mtu mwingine yeyote atakayempa hela kabla ya hapo atamletea kesi. Halafu muulize mtoto amelazwa wapi. Kama ni hospitali ya serikali, kuna ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, na kazi yake mojawapo ni kusikiliza wasioweza kulipa na kuwaombea msamaha au muda. Wengi hawaijui, wengine wanaona haya kuingia. Msindikize. Ukiweza kutoa kitu cha dawa, toa kama sadaka, usiandikishane naye chochote na usipokee karatasi ya nyumba uishike. Hata akikulazimisha, mrudishie mkononi.

Mpe pia orodha ya vitu vitatu vya kuandaa: cheti cha kifo, majina ya watoto wote, na tarehe ya kikao cha familia. Kama hajui Mahakama ya Mwanzo iko wapi, mwonyeshe.

Kisha wiki ijayo shemeji zake wakishafika kutoka Lushoto na kupumzika, rudi pale. Nenda asubuhi, umevaa vizuri, na mwombe yeye mwenyewe akutambulishe. Wape pole ya mgonjwa, waambie wewe ndiye kijana aliyekuja kuiona nyumba, na kwamba kama familia itaamua kuuza baada ya mahakama, ungependa kupewa taarifa. Acha namba yako kwa mjane na kwa mkubwa wa shemeji, wote wawili, kisha waage.